Marekani: Malipo yanaporudishwa na benki, mzigo humwangukia nani?

Nchini Marekani, kodi ya nyumba, bili ya umeme na mkopo wa gari mara nyingi hukatwa moja kwa moja kutoka akaunti ya mlipaji. Ndivyo wanavyolipa pia wengi miongoni mwa wakimbizi wa Kongo wazungumzao Kiswahili waliopewa makazi huko. Utaratibu huo ni mwepesi hadi siku malipo yanaporudishwa, na mwenye nyumba anapobisha hodi kudai fedha ambazo mpangaji alidhani zimekwisha kulipwa.

Malipo hayo hupitia mfumo wa pamoja wa benki ujulikanao kwa kifupi kama ACH, ambao kanuni zake hutungwa na taasisi ya Nacha. Benki ya mlipaji ikiyakataa, kwa kawaida hutakiwa kuyarudisha ndani ya siku 2 za kazi, yakiambatana na alama inayotaja sababu. R01 humaanisha kuwa salio halikutosha. R02, akaunti imefungwa. R03, akaunti haikupatikana. Na R10, mteja anasema hakuyaidhinisha makato hayo.

Alama hiyo ndiyo inayoonyesha nani anapaswa kuchukua hatua. Salio lisipotosha, anayedai anaruhusiwa kuyawasilisha tena malipo yale yale mara 2 zaidi ndani ya siku 180. Mteja asiyeweka fedha kwa wakati anaweza kukataliwa tena na tena, na penginepo kutozwa ada kila mara. Akaunti ikiwa imefungwa au namba imekosewa, kurudia hakufai kitu: ni lazima mlipaji atoe namba sahihi.

Mambo ni tofauti kwa makato yasiyoidhinishwa. Sheria ya shirikisho humpa mteja siku 60, tangu benki ilipotuma taarifa ya akaunti inayoonyesha makato hayo, ili atoe malalamiko. Benki nayo ina siku 10 za kazi za kuchunguza. Ikitaka kuendelea hadi siku 45, kwa kawaida hulazimika kumrejeshea mteja fedha kwa muda. Anayekaa kimya hadi siku 60 zipite hujiweka katika hatari ya kubeba hasara ya makato yatakayofuata.

Hata hivyo, kurudisha si njia pekee iliyo mbele ya benki salio linapopungua. Inaweza pia kuyalipa malipo hayo, kisha ikamtoza mteja ada kwa kuvuka salio lake. Ada hiyo, ambayo kwa miaka mingi ilizoeleka kufikia dola 35 hivi, ndiyo iliyozua mvutano wa kisiasa. Desemba 2024, taasisi ya serikali inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilitoa kanuni iliyolenga kuishusha hadi dola 5 katika benki zenye mali inayozidi dola bilioni 10. Bunge liliibatilisha, na Mei 2025 Rais Donald Trump akatia saini hatua hiyo kabla kanuni haijaanza kutumika.

Benki zilidai kuwa kiwango hicho kingezilazimu kuiondoa huduma hiyo, na wateja kukimbilia wakopeshaji wa riba kubwa. Watetezi wa wateja walijibu kuwa ada hizo huwaumiza zaidi wenye kipato kidogo.

Kwa mwenye salio dogo, matokeo ni kubaki kati ya gharama mbili: benki ikilipa, ada ni ya benki; ikirudisha, mwenye nyumba anaweza kudai faini ya kuchelewa. Benki kadhaa kubwa zimefuta ada ya malipo yaliyorudishwa, lakini hatua hiyo haifuti deni lenyewe. Ndiyo maana mteja anapopata taarifa kuwa malipo yamerudi, la kwanza ni kuiuliza benki sababu yake, na la pili ni kumweleza anayemdai kabla hajayawasilisha tena.