HARAMIA AHUKUMIWE POPOTE, LAKINI KWA HAKI

Katika mjadala wa chama chetu cha Kiswahili, mwenzangu mmoja aliuliza: "Msomali kateka meli ya Wahindi huko baharini, sasa Kenya yahusika vipi?" Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Hebu tuangalie mambo yalivyokuwa. Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwafunga Wasomali 10, miaka 7 kila mmoja, kwa uharamia. Walikuwa wamekamatwa na jeshi la majini la Marekani, mbali kabisa na maji yetu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema kwamba mahakama zetu hazina uwezo wa kuhukumu makosa yaliyotendwa huko nje. Lakini mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ikapindua uamuzi huo: haramia ni adui wa watu wote, hivyo nchi yoyote yaweza kumhukumu.

Mimi naunga mkono Mahakama ya Rufani. Bahari kuu haina mwenyewe. Kama kila nchi ingesema "hayanihusu", nani angemfunga mwizi huyo? Isitoshe, meli zipitazo huko ndizo zinazoleta ngano na mafuta Mombasa, na vitu hivyo twavinunua hata hapa Pap Onditi.

Hata hivyo, jamani, nguvu hii ikikosa kiasi itamwumiza mnyonge. Sisi watu wa ziwa twajua. Wavuvi Wakenya wamekamatwa mara nyingi na polisi wa Uganda karibu na kisiwa cha Migingo, huku nchi hizo mbili zikibishana mpaka uko wapi. Mtu anayefuata mbuta usiku haoni mstari majini. Je, huyo naye ni haramia? La hasha! Hajateka mtu wala hajaua. Kosa lake, kama ni kosa, ni la leseni na mpaka tu.

Kwa hivyo, yeyote anayeshtakiwa ugenini apewe wakili na mkalimani wa lugha yake, na jamaa zake wajulishwe aliko. Tukimnyima Msomali hayo kule Mombasa, tutamdaia vipi mvuvi wetu akishikwa ng'ambo ya ziwa? Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubali na ashike kalamu.