Eti Filta Inakula Wati

Jamani, nimechoka kusikia watu wa redio za ridhaa wakilia kwamba filta ya bendi, kile kiboksi kinachopitisha bendi moja na kuzuia nyingine, "inakula nguvu". Inakula, ndiyo. Ikiwa upotevu wake ni desibeli 0.5, ukiingiza wati 100 zinatoka kama 89. Zile 11 ni joto. Lakini anayekusikiliza ng'ambo hatambui kitu: alama moja ya S kwenye mita yake ni desibeli 6!

Haya, itoe. Kwenye mashindano ya CQ WW, saa 48, redio yako moja inatuma megahezi 7, ya pili iko hapo kando inasikiliza 14. Mara mbili ya 7 ni ngapi? Umejiziba masikio kwa ajili ya wati 11.

Kinachoniudhi zaidi, hao hao hawaulizi habari za joto. Antena isipolingana na redio, upotevu unapanda, na kepasita ndani ya kiboksi zinaweza kuungua usiku wa manane. Muuzaji akikutajia desibeli tu, muulize: kwa wati ngapi, kwa muda gani, na SWR ikiwa ngapi?