Gari la babu linapewa kombe, fundi wake anapewa nini?

Tuseme Jumapili moja mwishoni mwa Septemba umeachana na ligi ya Uingereza, ukajipanga na mbogi yako, mkaenda Ngong Racecourse jijini Nairobi kutazama Concours d'Elegance. Mmelipa mlangoni, raba ni safi, simu imejaa chaji. Ndani mnakuta Beetle, Peugeot 504, Mercedes za enzi za wazazi wetu na pikipiki zilizomshinda mjomba wako umri, zote zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Utapiga selfi, utaposti, utarudi mtaani. Lakini huenda ukawa umekosa jambo kubwa zaidi lililokuwa pale.

Mashindano hayo si mageni. Yalianza 1970, yakiandaliwa na klabu ya wamiliki wa magari ya Alfa Romeo. Vijana wengi huyaona kuwa pikiniki ya wadosi, na tukisema ukweli, kofia kubwa na miwani ya bei hazikosekani. Hata hivyo, hebu simama karibu na waamuzi uone wanavyofanya kazi. Hawamuulizi mtu gari lake lilimgharimu pesa ngapi. Magari huwekwa katika madaraja kulingana na ukubwa wa injini. Kisha huangaliwa rangi na bodi, injini, viti, buti, mpaka chini kabisa ya gari, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kuchungulia. Kutu au uchafu uliofichwa huko chini unaweza kukunyima alama hata kama rangi ya juu inapofusha macho.

Kwa ufupi, pale gari halihukumiwi kwa umri wake. Linahukumiwa kwa jinsi lilivyotunzwa.

Sasa linganisha na mijadala yetu kuhusu magari nchini. Kwa miaka mingi Kenya imezuia magari ya mtumba yaliyozidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Kila mwaka mpya ukikaribia, KEBS huwakumbusha waagizaji kuhusu kanuni hiyo. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipendekeza kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kuanzia Sh5,000 hadi Sh100,000. Unakumbuka kilichofuata. Pendekezo hilo liliondolewa Juni, kisha Mswada wote ukatupwa baada ya Gen Z kuingia barabarani. Mwaka 2025, rasimu ya kanuni za ukaguzi ikarejesha mjadala kuhusu magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4.

Katika yote hayo tulisikia kuhusu umri, thamani na ada. Ni nadra sana kusikia swali hili: nani analiweka gari barabarani likiwa salama, na anajifunzia wapi kazi hiyo?

Usinielewe vibaya. Kanuni ya miaka 8 ina sababu zake. Hakuna anayetaka nchi iwe jaa la magari yaliyochoka huko nje. Gari la zamani mara nyingi halina mifuko ya hewa wala breki za kisasa, na moshi wake unaweza kuwa mbaya zaidi. Ukaguzi nao ni mzuri ukifanywa kwa haki, kwa sababu breki mbovu haziulizi kama wewe ni tajiri au hasla. Shida ni kudhani kwamba tarehe kwenye logbook inatosha kukuambia hali ya gari. Kuna gari la miaka 5 mtaani kwenu linalovuja oili kila asubuhi, na kuna 504 ya mzee fulani kule kijijini ambayo bado inapanda mlima ikiwa na magunia ya viazi.

Hizo 504 hazikupata heshima kwa bahati. Modeli hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na zile ndefu za kubeba abiria zilikuwa uti wa mgongo wa safari za mashambani. Baada yake ikaja zamu ya Datsun, ambapo Mkenya Shekhar Mehta alishinda mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Magari hayo yaliaminika kwa sababu yalikuwa imara, na pia kwa sababu fundi wa kawaida aliweza kuyafungua, kuyaelewa na kuyarudisha barabarani.

Huyo fundi ndiye ninayetaka umtafute. Vipuri vya gari la 1972 huwezi kuvipata kwa urahisi kwenye duka la kawaida. Mara nyingi kinachovunjika hutafutwa kwenye magari mengine yaliyokufa, au hutengenezwa upya. Hapo ndipo utamkuta kijana wa Grogan, Kirinyaga Road au Kariobangi Light Industries, anayechomelea, kukereza chuma, kunyoosha bodi na kusikiliza kabureta kama daktari anavyosikiliza kifua. Kombe likitolewa, mwenye gari ndiye anayepigwa picha. Fundi yuko gereji, mikono imejaa grisi, anasubiri M-Pesa.

Ndugu zake ni wale wanaounda nganya za Rongai, Umoja na Buruburu. Mchoro, taa, viti na muziki ni kazi ya vijana wenye vipaji. Mwishoni mwa 2014, Rais Uhuru Kenyatta alilazimika kuwaambia polisi waache kuzihangaisha matatu kwa sababu ya michoro. Fikiria hilo: sanaa inayovutia wageni kutoka nje ilihitaji neno la Rais ili isikamatwe. Bila shaka, nganya yenye dirisha lililozibwa au taa zinazompofusha dereva anayekuja ni hatari, na hapo sheria ifuate mkondo. Lakini kosa la taa lisimfanye msanii aonekane mhalifu.

Tunahitaji nini basi? Kwanza, mafundi watambuliwe rasmi. NITA hutoa mitihani ya ufundi, na nchi ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ili mtu aliyefanya kazi miaka 10 bila kuketi darasani apate cheti. Milango hiyo ipo, ila lazima ada na taratibu zake zimfae kijana anayelipwa kwa siku. Pili, waandaaji wa maonyesho waweke jina la fundi kando ya jina la mwenye gari. Haligharimu chochote, na linaweza kumletea wateja wa mwaka mzima. Tatu, kanuni mpya zikiandikwa, watu wa gereji wakae mezani. Wao ndio watakaotengeneza kile mkaguzi atakachokataa.

Na wewe una kazi. Siku ukienda Ngong, selfi piga, hakuna neno. Ukimaliza, msogelee mwenye gari umsalimie kwa heshima, kisha muulize: "Mzee, fundi wako ni nani, na anachukua wanafunzi?" Mzee aliyehangaika na gari moja kwa miaka 30 hupenda sana kulizungumzia. Unaweza kurudi nyumbani na namba ya simu ambayo itakufaa kuliko likes 500.