Goti la Mbuzi Liko Wapi?

Mtoto wa darasa la tano amekaa barazani, Mabatini, Mwanza, daftari mapajani. Anachora mbuzi wa jirani. Kichwa kimekubali, pembe zimekubali. Mguu wa nyuma umegoma. Amefuta mpaka karatasi imetoboka, na sasa anasema yeye hajui kuchora, basi.

Mzazi, hapo usimwambie aache michoro akasome. Wala usimwambie imependeza, maana anaona mwenyewe kwamba haijapendeza. Mkono wake ni mzima. Hajui tu kilichomo ndani ya ule mguu, na pengine hata wewe hujui.

Mwambie asimame kwa ncha za vidole, akunje magoti kidogo, kisha ashike kisigino chake. Ndivyo mbuzi anavyosimama siku zote. Ile sehemu ya mguu wa nyuma inayoonekana kama goti lililopinda kinyume ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na nyama na manyoya, na linapinda kama la binadamu. Mguu wa mbele nao una mtego wake: panapoitwa goti ni kifundo cha mkono, na kiwiko kiko juu, jirani na kifua. Kwato mbili ni vidole viwili.

Asiyeamini asubiri siku ya supu ya makongoro. Kabla hayajaingia sufuriani, mtoto ayakunje na kuyakunjua, ahesabu maungio. Mkishakula, mifupa ioshwe, ianikwe, naye aipange upya. Itanuka kidogo, vumilieni.

Nauli ikipatikana, vukeni kwenda Saanane, kisiwa kilichoanza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Pimbi wa miambani hukanyaga kwa unyayo wote, swala kwa ncha za vidole. Mtoto achore miguu tu, kurasa mbili tatu, sura aziache.

Atakayesema wachoraji wa Tingatinga hawahesabu mifupa na picha zao zinauzwa, hajakosea. Lakini ule ni mtindo waliouchagua wenyewe. Huyu wa barazani anamtaka mbuzi wa jirani, yule yule mwenye sikio lililochanika.

Ule mchoro uliotoboka usichanwe. Auandikie tarehe, afungue ukurasa mwingine, aanzie kwenye kisigino.