Friji ya milango miwili kwa bedsita? Piga hesabu ya tokeni kwanza

Mwaka wa 2023 nilinunua friji kubwa ya milango miwili, ya mitumba, zile watu huita ex-UK. Muuzaji aliniapia kwamba iko kama mpya. Tuliileta kwa mkokoteni hadi kwa ploti, vijana wawili wakanisaidia kuipandisha orofa ya tatu, na majirani wakatoka nje kutazama. Siku hiyo nilijiona nimeomoka.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nimeshajua kisa chenyewe. Ndani ya friji kulikuwa na chupa mbili za maji, nusu ya kitunguu na pakiti moja ya maziwa. Nayo tokeni ya shilingi 500, ambayo hapo awali ilikuwa ikinisukuma karibu mwezi mzima, sasa ilikuwa inaisha kwa siku kumi hivi. Niliiuza kwa hasara kabla mwaka haujaisha.

Nasimulia haya kwa sababu naona vijana wengi mtaani wakielekea pale pale. Mtu akipata kazi, kitu cha kwanza ni TV, cha pili ni friji. Na siku hizi si lazima uwe na pesa mkononi, unalipa mdogo mdogo kila siku kwa simu. Hakuna ubaya kununua friji. Shida ni kwamba tunachagua kwa macho, kumbe friji ni kama mpangaji mpya ndani ya keja: anakula stima usiku na mchana, hata ukiwa ocha.

Kilichobadilika Aprili 2023

Hapa ndipo mambo yanaingiliana na siasa ya bei ya stima. Kabla ya Aprili 2023, nyumba iliyotumia hadi uniti 100 kwa mwezi ilihesabiwa kuwa ya kipato cha chini na kulipishwa bei nafuu. Bei mpya zilizoidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, zilishusha mpaka huo hadi uniti 30. Kundi la pili likawa la uniti 30 hadi 100, na la tatu ni wanaopita 100. Kundi lako linatokana na wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu.

Bei ya msingi ilianza kama shilingi 12 kwa kundi la kwanza, 16 kwa la pili na karibu 21 kwa la tatu, kabla ya kodi na zile ada zingine zote. Na ukihama kundi, si zile uniti za ziada peke yake zinazopanda bei. Uniti zako zote zinahesabiwa kwa bei mpya.

Tuchukue mfano. Unaishi peke yako na unatumia uniti 22 kwa mwezi: taa, simu, TV, redio na pasi mara moja moja. Hiyo ni shilingi 264 za msingi. Sasa leta friji ndogo inayokula uniti 15 kwa mwezi. Jumla ni uniti 37, umevuka mpaka, na bili ya msingi ni 592. Friji ya uniti 15, ambayo kwa bei yako ya zamani ingekula shilingi 180, imekugharimu 328.

Ukileta ile kubwa ya zamani inayokula uniti 40, utafika uniti 62, yaani shilingi 992. Na familia iliyokuwa kwa uniti 70 ikiongeza 40 inafika 110 na kuangukia kundi la tatu: kutoka 1,120 hadi 2,310. Kumbuka hapo bado hatujaweka kodi.

Kwa hivyo uamuzi ule wa 2023 uliigusa friji moja kwa moja. Familia iliyokuwa na friji ndogo na matumizi ya uniti 60 ilikuwa ndani ya bei nafuu, kesho yake ikajikuta nje bila kubadilisha chochote. Ukiniuliza, mpaka wa uniti 30 unasema kwamba mtu wa kipato cha chini hatarajiwi kuwa na friji. Hilo ni jambo la kuuliza wakati bei zinapojadiliwa tena, maana EPRA huita maoni ya umma na ni wachache wetu hujitokeza.

Kama ploti yenu inatumia mita moja kubwa na landlord amewawekea mita ndogo ndogo, hesabu ni nyingine. Mita kubwa ikijumlisha nyumba zote, hamuwezi kuwa ndani ya uniti 30, na kila mtu analipa bei atakayoitaja mwenye nyumba. Uliza uniti moja ni ngapi kabla ya kuleta friji.

Chakula chako kinaingiaje nyumbani?

Kabla ya kuuliza milango mingapi, jiulize swali hili. Wengi wetu tunaishi kwa kadogo: sukuma ya mama mboga jioni, nyanya mbili, maziwa ya asubuhi, mayai mawili kwa kiosk. Chakula kinaingia leo na kinaisha leo. Mtu kama huyu akinunua friji ya lita 300, anapoza hewa.

Anayenunua vitu vya wiki nzima sokoni, Marikiti au Gikomba, ana hesabu tofauti. Akipata nyama kilo tatu, samaki na maharagwe ya kuchemsha mara moja kisha kugawa kwa mikebe, friji inamlipa. Maharagwe hasa! Gesi au makaa ya kuchemsha mara moja kwa wiki badala ya mara nne ni akiba unayoiona.

Aina zilizoko na kazi yake

Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto lililo ndani na kulitupa nje kwa zile nyaya za nyuma au ubavuni. Ndiyo maana ukiisukuma hadi ikaguse ukuta, au ukiiweka kando ya jiko, inahangaika na kula stima zaidi. Iachie nafasi ya kupumua nyuma. Katika chumba cha kumi kwa kumi, kumbuka pia kwamba joto hilo unalala nalo.

Ya kwanza ni ile ndogo ya mlango mmoja, ya lita 90 hadi 100 hivi. Inatosha mtu mmoja au wawili. Udhaifu wake ni kwamba kisehemu cha barafu mara nyingi hakigandishi nyama vizuri. Kama unataka kuweka nyama wiki mbili, hii itakuangusha.

Ya pili ni ya milango miwili, friza juu na friji chini. Hii ndiyo saizi ya familia ya watu watatu hadi watano. Hapa utakutana na swali la barafu: kuna zinazojaa barafu ukutani na kukulazimisha kuizima na kuiyeyusha, na kuna zisizoshika barafu kwa sababu zina feni na hita ndogo ndani. Za pili hazina kazi nyingi, lakini kwa kawaida hula stima zaidi na zina vipuri vingi vya kuharibika. Ukichukua ya barafu, iyeyushe polepole. Usitumie kisu! Ukitoboa bomba, gesi yote inatoka na friji inageuka kabati.

Ya tatu ni zile pana za milango ya ubavu kwa ubavu. Hizi ni za nyumba yenye jikoni kubwa na stima isiyosumbua. Kwa bedsita hazina kazi. Pima hata mlango wa nyumba kabla ya kuzitamani.

Ya nne ni friza ya kulala, inayofunguka kwa juu. Baridi huwa nzito kuliko hewa ya joto, kwa hivyo ukifungua kifuniko haimwagiki nje kama ya mlango wa mbele. Kwa anayeuza samaki, barafu, maziwa lala au juisi, hii ndiyo mashine ya kazi. Hapo stima inakuwa gharama ya biashara, na unaipima kwa kile unachouza.

Jicho lako litafute vitu viwili kwa lebo. Kwanza ni nyota za EPRA, moja hadi tano. Zikiwa nyingi, friji inakula stima kidogo. Pili ni uniti kwa mwaka, zinazoandikwa kWh. Gawanya kwa 12. Ikiandikwa 180, hiyo ni uniti 15 kwa mwezi.

Mtego wa mitumba

Friji kutoka Uingereza hazihitaji kubadilishwa chochote hapa, plagi ni ile ile na nguvu ya stima inakaribiana. Ndiyo maana zinauzika. Lakini zilitengenezewa hali ya hewa ya huko. Ndani au nyuma ya friji kuna karatasi yenye herufi: SN na N ni za mahali pasipopita nyuzi 32, ST ni hadi 38, na T ni hadi 43. Nairobi, N haina shida sana. Ukiipeleka Mombasa, Kisumu au Garissa, injini haitapata nafasi ya kupumzika.

Karatasi hiyo hiyo inataja gesi. R134a ni ya miundo ya zamani, na ikivuja inachangia joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kiasi kile kile cha hewa ya kaboni. R600a ni ya kisasa na haina makali hayo, ila inashika moto. Fundi akija na moto wa kuchomelea, muulize kama anajua gesi iliyo ndani. Akicheka swali, tafuta mwingine.

Halafu usiibebe ikiwa imelala. Ikilazimu, ikifika isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili oili irudi kwa kompresa. Na ununue kile kifaa cha kuikinga stima inapopanda na kushuka. Ni pesa kidogo ukilinganisha na kompresa mpya.

Stima ikipotea

Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Sehemu nyingine zilikaa hivyo hadi Jumamosi. Novemba na Desemba mwaka huo ikatokea tena. Jirani yangu aliyekuwa na samaki wa kuuza alikuwa akifungua friza kila nusu saa kuangalia kama bado wako sawa. Ndivyo alivyowapoteza.

Friji iliyofungwa huhifadhi chakula salama kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa hushikilia saa 48, iliyojaa nusu saa 24, mradi usifungue. Kama mtaa wenu stima inapotea kila wiki, friza iliyojaa ni bora kuliko kubwa iliyo nusu. Jaza nafasi na chupa za maji.

Kuna nyumba ambazo swali hili si la starehe. Mzazi mwenye kisukari anayetumia insulini anahitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8 kwa zile chupa ambazo hazijafunguliwa, na isigande kabisa. Mama aliyerudi kazini akiacha maziwa kwa mtoto anaweza kuyaweka hadi siku nne kwa friji, ilhali nje ni kama saa nne tu. Kwa nyumba hizi, friji ndogo mpya inayoshika baridi sawasawa inashinda kubwa ya kubahatisha. Kipimajoto cha friji kitakuonyesha ukweli ambao mkono wako hauwezi.

Kulipa mdogo mdogo

Jumlisha kabla ya kukubali. Ukiambiwa deposit ni 5,000 kisha 120 kwa siku kwa mwaka mmoja, hiyo ni 48,800. Kama dukani ni 30,000 taslimu, umelipa friji moja na zaidi ya nusu ya nyingine. Chama cha watu kumi kinachotoa 3,000 kila mwezi kinakupa pesa hiyo hiyo bila riba, kama utaweza kungoja zamu yako.

Mimi sasa nina ya mlango mmoja, mpya, niliyoipata kupitia chama. Ina mayai, maziwa, maharagwe ya wiki na mboga za siku mbili. Hakuna jirani aliyetoka nje kuitazama siku ilipofika. Bado nimevuka uniti 30, na bado naona mpaka huo haututendei haki, lakini angalau tokeni inafika mahali nilipopanga ifike.

Wewe ukienda kununua, beba vitu vitatu: kipimo cha mlango wako, uniti za mwezi uliopita, na orodha ya kile utaweka ndani Jumatatu hadi Jumapili. Kama orodha hiyo ni maji na nusu ya kitunguu, ngoja kwanza.