Bundi wa Theluji na Swala la Majina

Kila mwaka, mwezi wa Novemba unapoelekea ukingoni, wapenzi wa ndege humiminika Duluth, mji wa bandari ulioko kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, jimboni Minnesota nchini Marekani. Wakati huo ndege wengi wahamao wamekwisha kwenda kusini. Wanaotafutwa ni wale wanaoingia kutoka kaskazini zaidi: bundi wa theluji, kipaji-chekundu, bawa-nta na bata mkia-mrefu. Msomaji asihangaike kuyasaka majina haya kamusini. Ni mapendekezo tu, na ndiyo kiini cha hoja ya makala haya.

Wapo watakaouliza Kiswahili kina haja gani na ndege wa barafuni. Lakini lugha ambayo UNESCO iliitengea siku yake mwaka 2021 haiwezi kujivunia hadhi ya kimataifa huku mfasiri wake, kila akutanapo na kiumbe asichokizoea, akijificha nyuma ya maneno “ndege fulani mdogo”. Huko si kufasiri; ni kukwepa.

Tuanze na bundi. Katika Kiswahili, ndege ni kiumbe, ni chombo cha usafiri, na pia ni ishara ya heri au shari. Bundi ameangukia upande wa shari: akilia juu ya paa, wenye nyumba hushikwa na hofu ya msiba. Ajabu ni kwamba bundi anayeshuka Duluth hupokewa kwa darubini na furaha. Huzaliana katika nyanda za Aktiki zisizo na miti, ambako hula hasa panya wadogo wa huko, na kwa kuwa kiangazi cha huko hakina usiku, amezoea kuwinda hata mchana. Akifika kusini hutafuta mahali palipo wazi kama kwao: bandarini, mashambani, hata kwenye viwanja vya ndege (na hapa neno “ndege” linabeba maana zake mbili kwa pamoja). Majira ya baridi ya 2013 na 2014 walishuka kwa wingi usio wa kawaida, baadhi wakafika hadi Florida na Bermuda. Mfasiri akiandika “bundi” bila kifafanuzi, msomaji wa Kiswahili atasikia kifo mahali ambapo mwandishi alikusudia shangwe. Akiandika “bundi mweupe” atapotosha pia, kwani majike na makinda wana mabaka meusi, na weupe halisi ni wa madume wazima. “Bundi wa theluji” lina nafuu, maana linataja makao na kuiacha rangi.

Kwa videge vidogo kazi ni nyepesi zaidi. Kipaji-chekundu ana doa jekundu usoni, pale hasa Waswahili wanapopaita kipaji. Hula mbegu za mibetula, na zinapoadimika kaskazini huja kwa makundi makubwa. Mwaka mwingine haonekani kabisa. Bawa-nta naye hufuata matunda mekundu yaliyosalia mitini, na manyoya ya bawa lake yana ncha nyekundu zinazofanana na nta.

Wanaodhani majina ni jambo dogo waitazame historia ya bata mkia-mrefu, ambaye hustahimili baridi ya Ziwa Superior na huweza kuzamia hadi takribani mita 60. Wamarekani walimwita Oldsquaw, jina lenye neno la dharau kwa wanawake wa jamii za asili. Wanabiolojia wa Alaska, waliohitaji ushirikiano wa jamii hizo katika kumhifadhi, waliomba libadilishwe. Mwaka 2000 chama cha wataalamu wa ndege kilikubali, ingawa kilishikilia kwamba sababu ni kuafikiana na Kiingereza cha kwingineko. Udhuru huo ni mwepesi mno. Wakati huohuo Waojibwe, wenyeji wa mwambao huo, humwita bundi gookooko'oo, jina linaloiga sauti yake na lisilomdhalilisha mtu.

Hata jina jipya la bata huyo lina kasoro. Mkia mrefu ni wa dume peke yake. Jike ana mkia mfupi. Kiswahili, ambacho hakijajifunga kwa jina lolote, bado kina nafasi ya kumtazama jike kwanza kabla ya kuamua.