Ufeministi Hauna Sauti Moja

Imekuwa desturi katika mapendekezo mengi ya utafiti yanayowasilishwa katika idara zetu za Kiswahili kwa mtafiti kutangaza kwamba ataongozwa na nadharia ya ufeministi, na akiona haimtoshi, kuongeza saikolojia changanuzi ya Freud kama aongezaye chumvi mchuzini. Msimamizi hutia sahihi. Ifikapo sura ya nne, wahusika wa kike hupangwa foleni: huyu amekandamizwa, yule amezinduka, yule mwingine ni kahaba. Nionavyo, mazoea haya yanatupotosha. Ufeministi na saikolojia changanuzi hazijawahi kuishi kwa kuaminiana, na mwenzi wa tatu aliyekuwapo tangu mapema, yaani fenomenolojia, hata hatumtaji.

Fenomenolojia ni falsafa inayochunguza jinsi mambo yanavyomdhihirikia mtu katika kuishi kwake, kabla hayajapewa maelezo ya kisayansi. Mwaka 1945 Maurice Merleau-Ponty alichapisha huko Ufaransa kitabu kikubwa kuhusu utambuzi, akidai kuwa mwili si chombo ambacho mtu anacho kama alivyo na kikapu, bali ndiyo njia yake ya kuwamo ulimwenguni. Simone de Beauvoir alikihakiki kitabu hicho mwaka uo huo katika jarida la Les Temps modernes. Mnamo 1949 akatoa Le Deuxième Sexe, na humo aliitengea saikolojia changanuzi sura nzima. Hakuitupa. Alikiri kwamba imeonyesha jinsi ambavyo hakuna jambo linaloingia katika nafsi ya mtu bila kubeba maana ya kibinadamu. Lakini alimlaumu Freud kwa kumchukua mwanamume kuwa kipimo, kisha kumwona msichana kama mvulana aliyepungukiwa, na kwa kutoacha nafasi ya uteuzi wa mtu mwenyewe.

Kwa nini basi wengi wetu tumemjua Beauvoir kama mwanaharakati tu? Sehemu ya jibu imo katika tafsiri, jambo ambalo lingepaswa kutugusa sisi wanafunzi wa lugha kuliko mtu yeyote. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1953, ilifanywa na H. M. Parshley, mtaalamu wa zoolojia, ambaye aliikata matini pakubwa na kuzififisha istilahi za kifalsafa. Juzuu ya pili, ambayo kwa Kifaransa iliitwa L'expérience vécue, ilipata kichwa chenye maana ya maisha ya mwanamke leo. Istilahi ya fenomenolojia ikageuka kuwa kichwa cha makala ya gazeti! Tafsiri kamili haikupatikana hadi mwaka 2009. Nasi tusijione bora: dhana hiyo tutaiitaje? Tukisema "tajriba inayoishiwa", msomaji atadhani imekwisha kama fedha za mkopo wa mwanafunzi. Mimi nimekuwa nikisema "tajriba ya kuishi", ingawa sijaridhika nayo.

Aliyenisaidia kuelewa uzito wa dhana hii ni Iris Marion Young, mwanafalsafa wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu jinsi wasichana wanavyorusha mpira. Young anauliza kwa nini msichana aghalabu hurusha kwa mkono pekee, pasi na kuutia mwili mzima, na jibu lake haliko kwenye misuli wala kwenye kupungukiwa na kitu. Msichana amejifunza kuuishi mwili wake na papo hapo kuutazama kwa jicho la nje, kama kitu kinachotazamwa na kinachopaswa kulindwa. Mwili wa Merleau-Ponty, ulioelezwa kana kwamba ni wa kila mtu, ulikuwa wa mwanamume. Niliposoma hayo nilikumbuka jinsi nilivyoambiwa utotoni, "Kaa vizuri, wewe ni msichana", ilhali kaka zangu walitandaza miguu walivyotaka.

Wapo watakaopinga kwamba ufeministi ulikwisha kupatana na Freud, na ushahidi wao si haba. Baada ya Kate Millett kumshambulia Freud vikali mwaka 1970, Juliet Mitchell alijibu mwaka 1974 kwamba saikolojia changanuzi inaeleza jamii ya ubabedume ilivyo, haipendekezi iwe hivyo. Mwaka huo huo Luce Irigaray, ambaye mwenyewe alikuwa mchanganuzi wa nafsi, alimsoma Freud kwa silaha za Freud mwenyewe, na baada ya kitabu hicho akapoteza nafasi yake ya kufundisha Vincennes. Miaka kumi baadaye alimgeukia Merleau-Ponty kwa ukali kama huo. Huu si upatanisho. Ni ugomvi wenye tija, na anayechanganya nadharia hizi bila kuutaja anawachanganya wasomaji wake pia.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Mhakiki wa Freud ana haraka ya kusema kwamba kiini cha yote ni baba. Huenda ni kweli, lakini amemrukia Rosa kabla ya kumsikiliza. Fenomenolojia ingetulazimisha kukaa kwanza katika kipigo chenyewe: mwili unaojifunza kuwa ni hatia kutazamwa, kisha unaopita mbele ya wavulana ukiwa umejikunyata. Hata hivyo, Rosa anapofika chuoni na kujiachilia, maelezo ya anachokihisi hayatoshi, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kikamilifu kinachomsukuma. Hapo ndipo ninapomkaribisha Freud, tena yule aliyekwisha kuhojiwa na Mitchell na Irigaray.

Baadhi yetu hujivunia kwamba Kiswahili hakina tatizo hili, kwa vile "yeye" haibagui mume na mke. Naam, lakini mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda imepewa mmoja, ya kutendwa mwingine, na msichana huisikia kabla hajajua neno falsafa.

Katika tasnifu ninayoiandika nimeifuta ile sentensi ya "mtafiti ataongozwa na nadharia ya ufeministi". Nimeanza upya kwenye ukurasa ambapo Rosa anapigwa.